Neno "volunteer": Waingereza wanamaanisha nini, na sisi makazini tumeligeuza kuwa nini?

#1 Mwl_Steshenari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Nina steshenari jirani na chuo, na kabla ya hapo nilifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi. Kila tarehe za usaili zikitoka, vijana wanajaa hapa kuchapa barua na CV. Karibu kila CV ina neno hilohilo: "volunteer". "Volunteer teacher", "volunteer nurse", "volunteer accountant". Ukimuuliza kijana lina maana gani, jibu ni moja tu: "Nilikuwa nafanya kazi bila mshahara, mwalimu."

Tafsiri hiyo inawaumiza vijana mbele ya wasaili, na inawaumiza huko huko wanakofanya kazi. Ndiyo maana nimeleta uzi huu.

Tuanze na mzizi. Kilatini kina "voluntas", yaani utashi, lile analolitaka mtu kwa moyo wake. Neno likapita kwa Wafaransa, likaingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17 likiwa neno la kijeshi: aliyeingia jeshini kwa kupenda mwenyewe, si kwa kuamriwa wala kukamatwa. Kitenzi chake kilifuata baadaye, karne ya 18. Katika safari hiyo yote pesa haijatajwa, isiwepo au iwepo. Kinachoulizwa ni nani aliyeamua. Je, ulisogea mbele mwenyewe, au ulisukumwa?

Angalieni jeshi lenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Uingereza ilipigana kwa askari wa hiari hadi Januari 1916, ilipopitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume kuingia jeshini. Wale wa mwanzo waliitwa "volunteers" na walikuwa wakilipwa. Marekani ilipoacha kuandikisha vijana kwa lazima mwaka 1973, jeshi lake likawa la "volunteers" mpaka leo, na askari wake wana mshahara, matibabu na pensheni. Jimbo la Tennessee linaitwa "Volunteer State" kwa sababu ya watu wake waliojitokeza kupigana katika vita vya 1812.

Na sisi tunayo maana hiyo hiyo, tena mlangoni kwetu. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa 10 Julai 1963, na leo ina vijana wa aina mbili: wa mujibu wa sheria na wa kujitolea. Muulize mtoto yeyote wa hapa aliyeona vijana wa kambi ya Makutupora, atakueleza tofauti. Wa mujibu wa sheria ameitwa baada ya kidato cha sita. Wa kujitolea ameomba mwenyewe. Hakuna anayesema wa kujitolea maana yake ni yule asiyepewa chochote. Hapo Kiswahili na Kiingereza vinakwenda sambamba kabisa.

Chukueni mfano mwingine. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Kiingereza cha "kwa hiari" hapo ni "voluntary", neno la ukoo huohuo. Kuna mtu anayedhani anayestaafu kwa hiari anastaafu bila mafao?

Maana ya kazi isiyo na malipo ipo, siikatai. Mtu anayekwenda kuwasomea wagonjwa magazeti, anayefundisha watoto kuogelea Jumamosi, anayevaa fulana ya Msalaba Mwekundu na kubeba machela. Lakini hata huko, kutolipwa ni tabia ya kazi ile, haikai katika moyo wa neno. Msalaba Mwekundu una misingi saba, iliyotangazwa mwaka 1965, na mmoja wapo ni huduma ya hiari isiyosukumwa na tamaa ya faida. Tazameni jinsi walivyolazimika kuyataja mambo yote mawili, hiari na kutotafuta faida, kwa sababu la kwanza peke yake halilibebi la pili.

Sasa sisi tumefanya nini? Tumeondoa utashi, tukabakiza kutolipwa. Kijana anaripoti saa moja na nusu asubuhi, anasaini daftari, anaomba ruhusa kwenda kuzika, anafokewa akichelewa, na anaitwa volontia. Hakuwa na pa kwenda, na wote wanajua. Kwa Kiingereza sanifu huyo ni mfanyakazi asiyelipwa, na wana namna ya kulisema hilo wazi: "unpaid worker".

Karibuni tujadili.

---

#2 Binti_Bahi

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma nikiwa nimekaa chini.

Mimi ni muuguzi. Nilijitolea kwenye zahanati moja binafsi, siitaji. Nilikuwa na zamu ya usiku, nilikuwa na funguo za stoo ya dawa, na mwenye zahanati akisafiri mimi ndiye naachiwa kila kitu. Nilipewa nauli pale walipokumbuka. Mwaka jana niliitwa usaili hapa Dodoma. Wakaniuliza kwa Kiingereza: "Why did you volunteer?" Nikajibu nilichokijua, kwamba sikuwa na ajira. Nikaona wale wasaili wanaandika, basi, tukaenda swali lingine.

Sasa nilitakiwa kujibu nini?

---

#3 Mwl_Steshenari

@Binti_Bahi marahaba mwanangu, na pole.

Swali walilokuuliza, kwa Kiingereza chake, lilikuwa linauliza: nini kilikusukuma ujitokeze? Maana kwa mwenye lugha, neno lile limeshasema tayari kwamba ulichagua. Wewe ukajibu kwamba hukuchagua. Kwa hiyo jibu lako liligongana na CV yako mbele yao, ingawa ulisema kweli tupu.

Una njia mbili za haki. Kama ulikwenda pale kwa kupenda, kwa mfano ulitaka kukaa karibu na wodi ya wazazi ili mikono isisahau kazi, sema hilo. Kama ulikuwa muuguzi wa zamu kama wengine ila hukulipwa, usijiandike "volunteer". Jiandike "Nurse", taja zahanati, taja tarehe, taja zamu na stoo ya dawa. Hakuna kanuni ya CV inayokudai uandike kwamba hukulipwa. Wasaili wanataka kujua uliweza nini.

---

#4 Afisa_Mstaafu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa tunatofautiana.

Nimekaa kwenye meza za usaili muda mrefu. Ofisi nyingi hazina bajeti ya nafasi mpya, na kijana anakuja mwenyewe na barua mkononi: "Naomba kujitolea ili nipate uzoefu." Ameandika mwenyewe, amesaini mwenyewe. Huo si utashi? Tukiambiwa kila anayekuja alipwe au asipokelewe, milango itafungwa, na huyu kijana atakaa mtaani Nkuhungu miaka mitatu bila kugusa faili. Baada ya hapo tangazo likija linataka uzoefu wa miaka miwili, ataupata wapi?

Nimewaona waliojitolea wakaja kuwa wakuu wa vitengo. Msiwavunje moyo.

---

#5 Mwl_Steshenari

@Afisa_Mstaafu hoja yako ni nzito na naijibu kwa heshima.

Barua ya kuomba ipo kweli. Lakini jaribu kuiangalia kwa kipimo kimoja ambacho Kiingereza chenyewe kinakubali: je, huyu mtu anaweza kuacha leo mchana bila kuadhibiwa? Aliyejitolea anaweza kusema "naishia hapa" na akapewa asante. Yule wa kwetu akisema hivyo anaambiwa hatapewa barua ya utambulisho, na barua hiyo ndiyo aliyoifuata. Hapo utashi umeshikwa rehani.

Na sisemi milango ifungwe. Nasema kila mlango uitwe kwa jina lake. Kuna "internship", ambapo unajifunza chini ya msimamizi kwa muda uliotajwa, na huku kwetu serikali yenyewe inao mpango wa mafunzo ya vitendo kazini kwa wahitimu. Kuna "field", ile ya chuoni, ambayo ni sehemu ya masomo. Kuna uanagenzi, wa fundi na mwanafunzi wake. Kuna kibarua. Kuna mkataba wa muda. Kila kimoja kina sharti zake na anayehusika anazijua. Tukivitia vyote ndani ya "volunteer", anayepata hasara ni yule aliye chini.

---

#6 Kuruta_94

Kuhusu JKT mwalimu amesema sahihi. Naongeza tu kwamba ile ya mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Katika miaka ile ya katikati hakukuwa na anayelazimishwa, na bado tuliendelea kusema "wa kujitolea". Posho, chakula, sare na malazi tulipata. Ukitumwa shambani kwenye zabibu unakwenda, amri ni amri. Utashi ulikuwa siku ya kuandika jina. Baada ya hapo unatumika.

Hili ni la kufikiria pia kwenye hoja ya "kuacha leo mchana". Askari wa hiari haachi leo mchana.

---

#7 Mwl_Steshenari

@Kuruta_94 hilo ni sahihi na linakiwekea mpaka kipimo changu. Askari wa hiari amejifunga kwa kiapo na mkataba, naye mwajiri amejifunga kwake: atamlisha, atamvisha, atamtibu. Kufungwa ni kwa pande zote mbili. Kijana wa ofisini anafungwa peke yake.

Nilisahau kuwataja wa Peace Corps, taasisi ya Wamarekani wanaojitolea nchi za nje, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1961. Wazee wengi wa mkoa huu walifundishwa nao hisabati na fizikia. Wale huitwa "Peace Corps Volunteers" rasmi kabisa, na wanapewa fedha ya kujikimu kila mwezi, pamoja na kitita cha kuanzia maisha wakimaliza muda wao. Wa Umoja wa Mataifa, wale wa UNV wenye makao makuu Bonn, Ujerumani, nao hupata posho ya kujikimu. Kwa hiyo hata penye neno lenyewe kwenye kitambulisho, kuna mtu ameshafikiria yule kijana atakula nini.

---

#8 Bwana_Shamba_Kongwa

Nimechungulia nikadhani mnajadili siasa, kumbe ni lugha. Niwape maana ambayo hamjaitaja, na sisi wa kilimo tunaisoma chuoni.

Kwa Kiingereza cha shambani, "volunteer" ni mmea uliojiotea. Msimu uliopita ulivuna karanga, nyingine zikabaki ardhini. Mvua za Novemba au Desemba zikianza, zinachomoza kabla hujapanda. Hukuzipanda, hukuzitaka, zimekuja zenyewe. Sisi huziita maotea. Mahindi yana maotea, alizeti ina maotea, mtama pia. Mkulima wa Kiingereza atakwambia "volunteer maize", na hana wazo lolote la mshahara.

Kwa kuwa tuko Kongwa na karanga ndizo zetu, acha niseme na la kitaalamu. Maotea ya karanga si ya kuachwa. Kuna ugonjwa wa rozeti, unaoifanya karanga idumae, majani yajikunje na kusongamana kama ua. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Tanganyika mwaka 1907. Virusi wake husambazwa na vidukari, na maotea ni mojawapo ya mahali wanapopata hifadhi kabla shamba jipya halijaota. Ukiyang'oa mapema na kupanda mapema, kwa nafasi za karibu, unaupunguzia ugonjwa njia. Watu wanaona maotea wanafurahi, "tumepata bure". Ukingoja uvune hizo za bure, unaweza kuambukiza ekari nzima.

Basi, rudini kwenye CV zenu.

---

#9 Mwl_Steshenari

@Bwana_Shamba_Kongwa umenipa zawadi. Nimefundisha neno hili miaka yote, na maana hii niliisoma kwenye kamusi tu, sikuwahi kuisikia kwa mtu anayeigusa kila mvua. Na tazameni: mmea "uliojitokeza bila kuombwa". Ni kiini kilekile cha askari na cha mtu anayenyoosha mkono darasani.

Ndiyo maana kitenzi kinatumika hata kwa maneno ya mtu. "He volunteered the information": amesema jambo bila kuulizwa. Polisi hawajamhoji, yeye kalitoa. Ukiijua kamba hii moja, kujitokeza bila kusukumwa, maana zote zinashikana na huhitaji kukariri.

---

#10 Mtendaji_Chamwino

Habari wakuu. Mimi nina swali kuhusu kijijini. Tunapojenga darasa, wananchi wanachangia nguvu kazi: mchanga, mawe, maji. Kwenye taarifa ya Kiingereza kwa wafadhili tumekuwa tukiandika "the villagers volunteered". Lakini ukweli ni kwamba mkutano wa kijiji umeamua, kila kaya ina siku yake, na asiyefika anatozwa. Hapo neno ni sahihi?

---

#11 Mwl_Steshenari

@Mtendaji_Chamwino swali zuri sana, na halina jibu la mkato.

Kama mkutano uliamua, basi kijiji kwa umoja wake kimejitolea. Mtu mmoja mmoja, hasa yule aliyepinga au ambaye hakuwepo, hakujitolea, amewajibika. Waingereza wana namna ya kulisema: "we were volunteered", yaani kuna mtu katujitolea sisi. Mkubwa anasimama kwenye kikao anasema "idara yangu itafanya", na idara inasikia habari hiyo kesho yake.

Kwa taarifa yako ningeandika kwamba kijiji kilikubaliana kuchangia kazi, "the village agreed to contribute labour". Ni kweli, ni wazi, na mfadhili anaelewa kwamba ni mchango wenye thamani. Siku za kazi mkizihesabu, ziandikeni kama mchango wa kijiji kwenye bajeti. Mkiandika tu "volunteered", mchango ule unapotea kana kwamba haukuwa na bei.

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Msemo huo unajua fika kwamba kazi yenyewe inaweza kuwa ileile.

---

#12 Sheria_UDOM

Wakuu, niingie na upande wa sheria, kwa sababu hapa neno lina uzito wa mahakamani.

Kwanza la kushangaza. Katika sheria za usawa za Kiingereza, ziitwazo "equity", "volunteer" ni mtu aliyepokea mali au ahadi bila kutoa chochote kama malipo yake. Ni yule anayepokea! Kuna kanuni ya kale: "Equity will not assist a volunteer", yaani sheria ya usawa haimsaidii aliyepokea bila kutoa kitu. Mjomba akikuahidi shamba kwa mdomo na wewe hukutoa kitu, akabadili mawazo kabla hajakuhamishia, kanuni hiyo haiko upande wako. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikutana na sentensi hiyo akiwa na tafsiri ya "mfanya kazi bure" anapotea kabisa.

Pili, la kwetu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwa kwa sura gani, endapo dalili mojawapo kati ya hizi ipo. Namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Kama yuko kwenye taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea mtu huyo kiuchumi. Amepewa vitendea kazi. Anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Someni tena maneno "bila kujali mkataba umeandikwa kwa sura gani". Ukiitwa volontia kwenye karatasi, sheria haiishii kwenye karatasi. Inaangalia daftari la mahudhurio, ratiba ya zamu, na nani alikuwa anakuamuru.

Hili si tamko la moja kwa moja kwamba kila anayejitolea ni mwajiriwa. Ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Mtu anayekuja alasiri mbili kwa wiki kwa ratiba yake kusaidia kituo cha watoto yatima, kituo kitaeleza na kueleweka. Lakini mzigo wa kueleza unakuwa kwa taasisi.

---

#13 Afisa_Mstaafu

@Sheria_UDOM asante. Kifungu hicho ofisi nyingi hazikijui, na nyingine zinakijua zikanyamaza.

Bado nasimama kwamba kijana asiyepata pa kuanzia anaumia zaidi. Ila nakubaliana na mwalimu kwenye jambo moja: iandikwe. Muda wa kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, nani msimamizi, nauli na chakula vipo au havipo, na barua ya utambulisho itatolewa hata akiondoka mapema. Nikiwa kazini tulikuwa na ukurasa mmoja tu wa namna hiyo, na ulipunguza malalamiko pande zote.

---

#14 Mwl_Steshenari

@Afisa_Mstaafu ukurasa huo mmoja ndio ninaoupigania. Kipengele cha barua ya utambulisho ndicho kinachomrudishia kijana utashi wake.

---

#15 Kijana_wa_Ihumwa

Mwalimu, naomba na sarufi. Tunaambiwa tunakosea lakini hatuambiwi wapi.

---

#16 Mwl_Steshenari

@Kijana_wa_Ihumwa haya, yale ninayoyasahihisha kila siku.

Wengi wanaandika "I did volunteer at Dodoma". Kwa anayejua Kiingereza, "did" pale inasomeka kama unabishana na mtu aliyedai kwamba hukwenda. Andika "I volunteered". Wengine wanasema "I am volunteer". Inahitaji "a": "I am a volunteer". Na "I volunteered myself" inasikika kama umejikabidhi mwenyewe kwa jambo la hatari, "myself" haihitajiki.

Vihusishi vina maana. "Volunteer at" hutaja mahali. "Volunteer as" hutaja nafasi: "as a lab assistant". "Volunteer for" hutaja kazi au taasisi uliyojitokeza kuitumikia. "Volunteer to" hufuatwa na kitenzi, na hii ndiyo tamu kuliko zote kwenye CV, kwa sababu inaonyesha uliamua: "I volunteered to train new staff on the stock register". Hata ukiwa mwajiriwa mwenye mshahara unaweza kuandika sentensi hiyo. Msaili anasikia mtu anayesogea mbele kazi ikitokea.

Tofautisha pia "voluntary" na "volunteer". "Voluntary" ni kivumishi, "voluntary work". Usiandike "I was a voluntary".

Matamshi: mkazo uko mwishoni, volun-TIA. Sisi kwa kawaida yetu tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema vo-lo-NTI-a. Ukiwa kwenye usaili wa Kiingereza, nyanyua sauti pale mwisho na umalize hapohapo.

---

#17 Mlezi_Mpwapwa

Naomba niseme kwa ajili ya wale wanaojitolea kweli, maana uzi unaweza kuwasahau.

Maporomoko ya Hanang yalipotokea Desemba 2023, watu walikwenda Katesh kuchimba matope kwa mikono wakitafuta ndugu wa watu wengine. Walikuwepo wa Msalaba Mwekundu, walikuwepo majirani wasio na fulana ya mtu yeyote. Hakuna aliyewapangia zamu ya kwanza. Hao neno lao nawaombea libaki safi. Nikisikia mhasibu wa ofisi yenye viyoyozi anaitwa kwa jina lilelile kwa sababu tu hawataki kumlipa, naumia kwa niaba ya wale wa Katesh.

Tarehe 5 Desemba ni siku ya kimataifa ya kujitolea, Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1985. Tuwe tunawataja watu kama hao siku ile.

---

#18 Mwl_Steshenari

@Mlezi_Mpwapwa hapo ndipo penyewe. Neno likitumika ovyo, mwenye nalo kwa haki ananyang'anywa.

---

#19 Binti_Bahi

Mwalimu, nimeandika upya. Nimeondoa "volunteer nurse". Nimeweka "Nurse", jina la zahanati, miezi, halafu: "Covered night shifts alone and kept the drug store records." Chini yake nimeongeza moja ya kweli: niliomba mwenyewe kuanzisha siku ya kupima watoto uzito, Jumatano, hakuna aliyenituma. Nimeiandika "Volunteered to start a weekly child weighing day".

Kuna kosa?

---

#20 Mwl_Steshenari

@Binti_Bahi hakuna kosa. Hiyo ya mwisho ipandishe juu ya ile ya zamu, na ujiandae kuulizwa watoto wangapi walikuja na uliandika wapi uzito wao. Swali la "Why did you volunteer?" likija tena, sasa una jibu lako la Jumatano.

---

#21 Binti_Bahi

Asante mwalimu, nimeipandisha. @Sheria_UDOM nami naomba kuuliza: nikitaka kudai malipo ya zile zamu, naanzia wapi, na nimechelewa?

---

#22 Sheria_UDOM

@Binti_Bahi dada, unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ya Dodoma. Fomu ni CMA F1. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tangu uachishwe, migogoro mingine ikiwemo ya malipo ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kama muda umepita, unaambatanisha maombi ya kuongezewa muda, CMA F2, ukieleza sababu za kuchelewa, na Tume ndiyo itakayoamua kama zinatosha.

Nenda na chochote kinachoonyesha saa zako: nakala ya ratiba ya zamu, picha ya daftari la mahudhurio, meseji za mwenye zahanati akikupangia kazi, ripoti za stoo zenye saini yako. Hizo meseji usizifute hata kama unabadilisha simu.